Meno ya Bandia Yaumaje?

Mtongwe, Likoni

Kwa dadangu mpenzi Mwanaisha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima, na magoti yako yawe yamekuachia angalau uswali umesimama. Mama mdogo naye Mola amzidishie nguvu. Niambie kama bado aukataa uji usio na sukari, na kama mkono wake ule wa kulia umeanza kushika kikombe. Huku kwetu Athmani hajambo, Rukia binti yetu hajambo, na paa limehimili mvua za mwaka huu. Mwenye habari ni mimi.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili tatu kabla ya kuifungua, ujiulize ni nani aliyekufa hata mtu akaandika barua zama hizi za simu. Hajafa mtu. Lakini kumbuka siku ile uliponipigia baada ya Idi, ukanisikia nasema maneno yasiyoshikika, ukapaza sauti kuwa mtandao mbovu, nisogee dirishani. Nikasogea dirishani, nikatoka uani, nikaenda kusimama kando ya barabara, na kila nilipokwenda ukasema hunisikii vizuri, mpaka ukakata. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Kinywa changu ndicho kibovu. Nilirudi ndani nikakaa kitandani nikalia kwa hasira, maana nilikuwa na jambo la kukwambia na wewe umenikatia. Rukia alitaka akupigie akueleze yeye. Nikamkataza. Sikutaka uyasikie haya kwa kinywa cha mtu mwingine, na kwa kuwa changu hakinitii tena, nimechukua kalamu. Kaa kitako usome.

Habari yenyewe yaanza na meno. Wayakumbuka meno yangu ya chini yalivyoniisha moja moja baada ya kumzaa Rukia, nikawa nala ndizi mbivu na wali wa maji kama kikongwe, hali umri huo sijaufikia. Wakati ule Athmani angali akifanya kazi bandarini, akanipeleka kwa daktari wa meno kule kisiwani, nikatengenezewa safu nzima ya chini. Yalinikaa vizuri mno. Nilikuwa nikila mahindi ya kuchoma na kashata, na wasichana wa mtaa wanaokuja barazani kwangu kusoma Kurani baada ya shule wala hawakujua kuwa mwalimu wao havai meno yake mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kuwa meno kama yale nayo yana umri wake. Nilidhani kitu kisichooza wala kutoboka kitaishi kuliko mimi, na Rukia atayarithi pamoja na bangili.

Miaka ikaenda, yakaanza kuteza, yamelegea kinywani. Mwanzo yaliteza nikila tu, punje ya wali ikiingia chini yake basi sina raha mpaka niende nikayasuuze. Kisha yakateza nikisema. Siku moja Rukia alinipiga picha kwa simu yake, nikamwuliza huyu bibi mwenye mashavu yaliyobonyea na kidevu kinachotafuta pua ni nani. Akaniambia ni wewe, mama. Nikailaumu simu.

Palipo na taabu zaidi ni barazani. Wewe wajua, herufi za the na dhali hazitoki bila ulimi kuja mbele kugusa ncha za meno ya juu. Sasa kila ulimi wangu ulipokuja mbele, yale ya chini yaliinuka nao, yakagonga ya juu: tak. Nikisoma alladhina, tak. Nikisoma thumma, tak. Nikajifunza kuyabana kwa mdomo wa chini na shavu, nikaendelea na kazi yangu, kwa maana mtu huzoea, na mimi nilizoea upesi kuliko ilivyonifaa.

Kisha yakavunjika. Nilikuwa natawadha kwa ajili ya alasiri, nimeyatoa nisukutue, yakaniponyoka yakapiga saruji yakawa vipande viwili. Athmani wamjua, haoni kitu kimevunjika asiseme lete. Akaenda akachukua gundi yake ile kali ya kugandishia soli za viatu, akayaunga, akayapuliza, akanirudishia kama aliyenipa mkufu wa dhahabu. Pale kwenye maungio palibaki kijituta ambacho ulimi wangu haukuacha kukizuru. Yakavunjika tena, akaunga tena. Hatimaye jirani mmoja akanipeleka kwa fundi wa meno Kongowea, mwenye chumba kidogo nyuma ya wauza vitunguu, na pazia la maua mlangoni. Mtu mpole, mkono mwepesi. Aliyatengeneza kwa unga wake wa rangi ya ufizi, yakarudi kitu kimoja, nami nikamwombea dua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa neno moja tu. Tulikuwa tunakula mchana, samaki wa kupaka, nikaliweka tonge chini nikasema, "Meno yaniuma." Athmani akanitazama, akayatazama meno, akasema, "Meno ya bandia yaumaje, Maimuna?" Rukia alicheka mpaka maji yakampalia. Nikacheka na mimi. Neno lenyewe lilikuwa la kuchekesha, wallahi, ungekuwepo ungeanguka mkekani.

Likawa neno la nyumba, kisha likawa la mtaa. Nikishika shavu harusini, mtu atauliza kama yaniuma tena. Athmani akija mgeni humsimulia kuwa mkewe ana meno ya bandia na maumivu ya bandia. Hata wewe, nilipokueleza kwa simu, uliniuliza kama nimeyapa dawa ya kutuliza, na kama yataka kwenda hospitali yenyewe au niyasindikize. Tulicheka pamoja hata mama mdogo akauliza kuna nini. Sikulaumu. Lugha yetu ndiyo iliyotuchezea. Kwetu sisi mbwa huuma na kichwa huuma, neno ni lilo hilo moja. Mimi nilisema yaniuma kwa maana ya kuwa yanitia meno, yanichoma ufizi upande wa kushoto kila nikitafuna. Wao walisikia kuwa meno ya plastiki yana maumivu. Na hapakuwa na mtu wa kuuliza wasemaje, kwa kuwa hakuna mtu wa pwani anayedhani hajakielewa Kiswahili cha mwenzake.

Mtu akichekwa mara nyingi kwa neno moja, huliacha. Nami nikaliacha. Nikawa nakula upande wa kulia, na kushoto naweka tambuu yenye tumbaku, kwa maana tumbaku ile hutia ganzi, na tambuu ikiisha natafuna karafuu. Kila nilipozidiwa nilirudi Kongowea kwa fundi, nikayatoa nikamwonyesha yanaponichoma. Naye akachukua tupa akapunguza pale. Hakuniambia hata siku moja nifungue kinywa. Alitazama nilichomtia mkononi, akakipunguza, akanirudishia. Mwishowe akasema haya yamekwisha, hayana tena pa kutengenezwa, yataka mapya. Na katika hilo alisema kweli, yalikuwa yamekwisha zamani.

Akanitengenezea mapya. Meupe, dada, hata Athmani alisema ameoa mke wa pili bila kulipa mahari. Nikawa bibi harusi kwa siku chache, nachekea watu ambao hata siwapendi. Kisha nikatafuna mkate asubuhi, yakanichoma. Palepale. Upande uleule wa kushoto, mahali palepale.

Hapo ndipo nilipoogopa. Yale ya zamani nilikuwa nayasingizia uzee na gundi ya Athmani. Haya mapya hata njia za kinywa changu hayajazijua, yamejuaje kuuma palepale? Nikayatoa nikayatia kikombeni, na maumivu yakabaki na mimi. Nikachukua simu nikawasha taa yake, nikasimama mbele ya kioo cha Rukia nikauvuta mdomo. Paliota kitu cheupe chenye kingo nyekundu, nikakigusa kwa ulimi, kigumu kama sugu ya mguu. Nikamwita Rukia. Aliangalia, akazima taa ya simu, akasema kesho asubuhi twavuka kwenda hospitali. Hakucheka.

Daktari wa meno kule hospitali ni msichana wa bara. Wewe wakijua Kiswahili cha bara, kila kitu kwao ni hii na inaniuma na inafanya nini. Athmani alikuwa tayari amepata burudani yake ya siku hiyo, ametabasamu tangu tulipoingia. Daktari akaniuliza nina shida gani, nikamwambia kwa unyonge, "Meno yaniuma." Athmani nyuma yangu akadakia kuwa, daktari, ni ya bandia hayo. Alingoja acheke. Msichana hakucheka, akanigeukia mimi.

"Mama, hii meno inakuuma," akauliza, "ama inakung'ata?"

Dada, sisi watu wa pwani, tunaowasahihisha walimwengu wote Kiswahili, tumekaa na neno lile muda wote ule na hapana hata mmoja aliyeliuliza. Nikamwambia ilianza kwa kuning'ata, na siku hizi yauma hata nikiwa nimeyavua. Akayachukua meno, ya zamani na mapya, nilikuwa nimeyafunga kitambaani nikidhani atataka kuyapima. Akayaweka kando juu ya sinia wala asiyatazame tena. Akavaa glavu, akautembeza ufizi wangu kwa kidole, taratibu, kisha akanibonyeza chini ya taya na shingoni. Pana mahali shingoni alirudi mara ya pili. Uso wake ukabadilika, ukawa wa adabu mno.

Aliuliza kidonda kimeanza lini. Aliuliza kuhusu tambuu, na kama nilitia tumbaku, na nikakiri. Akauliza mbona sikuja mapema. Nikamtazama Athmani, na Athmani akautazama ukuta. Nikamwambia daktari ni mbali, kuna feri, na kuna kazi za nyumbani.

Akanieleza, na kwa Kiswahili chake hicho cha bara nilimwelewa neno kwa neno. Meno yakishatoka, ufizi na mfupa wa chini hupungua kidogo kidogo kila mwaka, nayo safu ya bandia hubaki kipimo chake kilekile, hata ifike siku uvae meno ya mtu mwingine. Alisema yafaa yatazamwe kila mwaka hata kama hayaudhi. Yakiteza, yakigonga, chakula kikijikusanya chini yake, mashavu yakibonyea, yakipata ufa, hizo ni dalili za kwenda kwa daktari, ayatengeneze au akupe mengine. Gundi ya viatu haina kazi kinywani. Na kidonda chochote kikipita wiki mbili hakijapona, meno hayo huvuliwa na mtu huenda kuonyesha kinywa chenyewe. Nikamwuliza kama meno ndiyo yaliyonitia ugonjwa. Akasema hawezi kuapa, tumbaku huenda imefanya zaidi, lakini meno mabovu yalikificha kidonda, na sisi tukawa tunalitengeneza pazia.

Wakakata kinyama kidogo wakapeleka kupimwa. Tulirudi nyumbani tukangoja, na katika kungoja kule nilipika kila kitu Athmani apendacho, sijui kwa nini, nami mwenyewe nakunywa uji kwa kijiko. Siku ya majibu tulikwenda watatu. Saratani ya ufizi, dada. Imeshaingia kwenye mfupa wa taya. Daktari alipolitamka lile neno nilikuwa nimeinamisha kichwa, naviangalia viatu vya Athmani, na nikaona vile soli ya kushoto imeungwa kwa gundi ileile, imetoka mstari wa manjano pembeni. Nikashughulika na mstari ule mpaka alipomaliza kusema.

Watanipasua. Wataondoa kipande cha taya upande wa kushoto, na vivimbe alivyovipapasa shingoni, na baadaye huenda wakanichoma kwa mionzi. Upande huo hautashika meno tena, si ya bandia si ya kitu gani. Akasema nitasema lakini sitasema kama zamani, herufi zingine hazitatoka. Nikamwuliza herufi zipi. Hakunielewa, akauliza kwani nazitaka zipi. Nikamwambia nazitaka zote, lakini zaidi the na dhali. Yeye si Mwislamu, akaniomba nimwonyeshe. Nikamsomea alladhina pale kitini, mate yakinitoka, naye akainama akautazama ulimi wangu unavyokuja mbele. Akasema, "Hiyo siwezi kukuahidi, mama." Nilimpenda kwa kutonidanganya, na nilitamani anidanganye.

Nilitaka kukataa, usije ukadhani mimi shujaa. Nilikaa siku kadhaa nikijiambia kheri nife na ulimi wangu. Kisha nikamwona Rukia anafua mashuka yangu, anayanusa kwanza, anageuza uso, anafua, wala haniambii kuwa kinywa changu chanuka. Nikasema basi, wakate. Kombe la maji ya aya utakaloniletea kutoka kwa maalimu nitalinywa, na kisu nacho nitakikubali.

Athmani hajatania tena. Wewe hujapata kuisikia nyumba hii bila utani wake, na mimi nakwambia ni nyumba mbaya. Ananiletea uji ameupuliza, anatembea kwa ncha za vidole, kila kitu ni samahani. Juzi nimemkuta uani amechutama, ameyashika yale meno ya zamani, anayakwangua mabaki ya gundi kwa wembe, machozi yanamshuka. Nikasimama nyuma yake nikamwuliza, "Meno ya bandia yakulizaje, Athmani?" Nilitaka acheke. Nilitaka walau anitupie neno, tuwe kama tulivyokuwa. Aliyasukuma chini ya ndoo kama mtoto aliyefumaniwa, akaenda msikitini kabla ya wakati. Nimemsamehe, ingawa kuna siku naamka sijamsamehe, mpaka nikishaona viatu vyake mlangoni.

Sasa nifike kwenye haja yangu. Wasichana wangu wa barazani wapo kumi na kitu, na nimewalea kwa herufi tangu wakiwa hawajui kufunga mtandio. Tangu daktari anikataze kuvaa meno, nilikuwa nikiwasikiliza tu bila kuwasomea. Wiki iliyopita nikamwambia Mwanajuma asome, ndiye mkubwa wao, sauti yake yafanana na ya marehemu mama. Akaanza vizuri. Akafika alladhina. Tak.

Nikajishika mdomo. Nilidhani ni mimi. Kinywani hamna kitu, meno yamo kikombeni chumbani. Nikamwambia rudia, akarudia, tak. Nikamwambia mwenzake asome, naye vilevile. Nikawapitisha wote, dada, wote, kila penye dhali na kila penye the wanagonga ulimi kwenye kaakaa, kidogo tu, kwa ustadi, kila mmoja na tak yake. Nikamwuliza Mwanajuma hiyo sauti ni ya nini. Alinishangaa. Akasema, "Si ndivyo ulivyotufunza, mwalimu?"

Walidhani ni makhraji, namna herufi inavyotamkwa. Walidhani dhali haijatimia mpaka igongwe. Wamekaa pale miaka, wametega masikio yao safi, na nilichowatia ni sauti ya meno yaliyolegea. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio mbele ya watoto wa watu. Watakua, watafunza watoto wao, na tak yangu itaingia katika maneno ya Mungu nami nimo kaburini siwezi kuitoa.

Tangu siku hiyo nawasahihisha kila jioni, na siwezi. Ulimi ukija mbele yaniuma mpaka sikioni, na dhali yatoka na upepo. Nao watiifu mno, hilo ndilo balaa, kila nifanyalo hulifuata. Jana niliisoma, mate yakanichuruzika, nikajipangusa kwa ncha ya mtandio. Mwanajuma naye akaisoma, akajipangusa.

Njoo, Mwanaisha. Sina maneno mengine. Mama alipokuwa akitufunza sote wawili, wewe ndiwe aliyekusifu ulimi, mimi akinisifu subira, na niliona wivu sana, sasa nakuomba kwa wivu uleule. Hakuna mtu mwingine hapa mwenye kusoma kule kwa mama. Daktari amesema isipite mwezi ujao, na nataka wakusikie wewe kabla hawajanisikia mimi nilivyotoka kisuni. Mama mdogo atakaa na Salma bintiyo, ameshazoea mkono wake. Na usiniletee kisa cha feri. Mtu aliyezaliwa Siyu, anayepanda mashua kwenda kununua sukari, kuapa kuwa hatavuka tena Likoni eti kwa kuwa chombo kimepakia malori. Siku hizi kuna barabara ya kuzunguka kwa Dongo Kundu, ukishashuka bara utafika kwangu hujaona maji ila kwa mbali. Udhuru wako umekwisha.

Na kabla hujafunga safari, ingia chumbani, usimame mbele ya kioo, ufungue kinywa chako utazame kote, chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Tambuu tulianza siku moja, mimi na wewe, kwenye harusi yako. Ukiona doa lolote usinieleze kwa simu na usinieleze kwa mzaha.

Msalimie sana mama mdogo, umbusu mkono ule mgonjwa kwa niaba yangu. Msalimie Salma na mumewe, na mjukuu wetu mchanga nisiyemwona bado. Msalimie wifi yetu Bi Esha, umwambie yale maneno yake kuwa nina maringo ya kutengeneza meno nimeyasikia na nimeyaacha. Maalimu Kombo, aliyekuwa akisoma na marehemu mama, mwombe dua na kombe, usimweleze yote. Athmani akusalimu. Amesimama mlangoni nikiandika, hathubutu kuuliza naandika nini.

Ukifika, kaa nao barazani siku hiyohiyo, usingoje upumzike. Watakusomea, na utasikia ile tak, mmoja baada ya mwenzake. Usicheke, na usiwakaripie, kwa sababu hawajakosa, hiyo ndiyo sauti yangu waliyokuwa nayo. Uitoe, dada, yote, mpaka kwa yule mdogo wa mwisho, kwa maana si halali ibaki.

Lakini usifanye haraka.

Ni mimi nduguyo uliyenyonya naye ziwa moja,
Maimuna